Nani Unamwachia Glovu?

Hotuba iliyotolewa kwenye kikao cha pamoja cha wazee na vijana, siku ya pili ya maadhimisho. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa, na imeongezewa machache kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kuvuka mpaka kuja.

Wewe unayesoma maneno haya ukiwa Lubumbashi, Bujumbura, Kigoma, Busia au Goma, karibu ukae nasi. Kiti chako kipo.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya mpira wa miguu. Niliposema hivyo nimeona wengine wamekaa vizuri kwenye viti, na wengine wameangalia saa. Nawaelewa wote. Kwa miaka mingi katika makanisa yetu mpira ulikuwa mambo ya dunia, na kijana aliyeonekana uwanjani Jumapili aliombewa. Leo karibu kila tawi lina timu ya vijana, na wapo wachungaji ambao ndio washambuliaji wa kati, hata kama kasi yao imebaki kwenye kumbukumbu.

Mimi nafundisha makipa. Si timu nzima, makipa tu. Kwa hiyo sitazungumza juu ya wafungaji, hao wana wasemaji wengi. Nitazungumza juu ya mtu anayesimama nyuma ya wote. Na nimemchagua mmoja, Thomas N'Kono wa Kameruni. Vijana huenda hamjamwona akicheza, lakini baba zenu wanamjua. Ni yule kipa aliyezoea kudaka akiwa amevaa suruali ndefu wakati wenzake wote wamevaa kaptura.

Nimemchagua kwa sababu maisha yake ya mpira yana sehemu mbili: alidaka, halafu akafundisha wanaodaka. Na katikati ya sehemu hizo mbili kuna swali ambalo ushirika wetu unalo mezani mwaka huu, hata kama hatulisemi kwa sauti. Nani anamwachia nani glovu?

Nafasi ni moja tu

Kwa wasiofuatilia mpira, nieleze kidogo. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira uliopigwa sawasawa hufika ndani ya nusu sekunde hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Ndiyo maana unamwona kipa ameruka kushoto na mpira umekwenda kulia, nawe unapiga kelele, "Huyu vipi?" Si kwamba haoni. Akisubiri aone kila kitu, atakuwa amechelewa. Inabidi aamue mapema, na akiamua vibaya, uwanja mzima unajua.

Lakini ugumu wa kipa hauishii kwenye penalti. Ugumu wake mwingine ni huu: nafasi ni moja. Mshambuliaji akikosa nafasi katikati, kocha anaweza kumpeleka pembeni. Beki wa kulia anaweza kujaribiwa kushoto. Kipa hana pa kupelekwa. Ama yuko golini, ama yuko benchi. Kwenye Kombe la Dunia kila nchi hulazimika kuandikisha makipa watatu. Wote watatu wanaamka saa ile ile, wanaruka ile ile mipira mia asubuhi, wanakula meza moja. Jioni ikifika, mmoja anavaa glovu na wawili wanavaa bibu na kukaa.

Sasa mjiulize: hao watatu wanaishije pamoja?

Thomas na Joseph

N'Kono alianza kujulikana akiwa na Canon ya Yaoundé, klabu ambayo ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1978 na tena 1980. Mwaka 1979 alichaguliwa mwanasoka bora wa Afrika, na mwaka 1982 akachaguliwa tena. Kipa, mara mbili! Mnajua jinsi tuzo hizi zinavyowapenda wafungaji.

Mwaka huo huo wa 1982 Kameruni ilikwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, kule Hispania. Ilitoka suluhu na Peru 0-0, ikatoka suluhu na Poland 0-0, ikatoka sare na Italia 1-1. Mechi tatu, N'Kono akafungwa goli moja tu. Na bado walirudi nyumbani, kwa sababu Italia nayo ilikuwa na sare tatu na pointi zile zile, ila ilikuwa imefunga magoli mawili na Kameruni moja. Italia hiyo hiyo ndiyo iliyokwenda kuchukua kombe. Kwa hiyo Simba Wasiofugika walitoka kwenye mashindano bila kupoteza mechi hata moja, na waliotoka nao sare wakawa mabingwa wa dunia. Fikiria safari hiyo ya kurudi Yaoundé.

Baada ya mashindano, klabu ya Espanyol ya Barcelona ikamchukua. Alikaa huko miaka minane na kucheza zaidi ya mechi 200 za ligi, wakati ambapo kipa kutoka Afrika kwenye ligi kubwa ya Ulaya alikuwa kitu adimu. Mwaka 1988 walifika fainali ya Kombe la UEFA dhidi ya Bayer Leverkusen ya Ujerumani. Nyumbani Espanyol ikashinda 3-0. Ugenini ikafungwa 3-0. Ikaja mikwaju ya penalti, na kombe likaenda Ujerumani. Hayo nayo yamo kwenye maisha ya kipa mkubwa.

Lakini kulikuwa na mtu mwingine. Joseph-Antoine Bell alikuwa kipa wa Kameruni wa kizazi kile kile. Alicheza Misri, akacheza Ufaransa na Marseille, Bordeaux na Saint-Étienne. Naye alikuwa wa kiwango cha juu kabisa. Kwenye nchi nyingine yoyote ya Afrika wakati ule, mmoja wao angekuwa kipa wa taifa kwa miaka kumi na tano bila mpinzani. Mungu akawaweka wote wawili kwenye nchi moja, kizazi kimoja, goli moja.

Mwaka 1982 N'Kono alidaka na Bell akakaa benchi. Miaka iliyofuata Bell naye akawa mbele. Ilipofika mwaka 1990, Kombe la Dunia la Italia, Bell ndiye aliyepewa jezi namba 1. N'Kono akapewa namba 16. Kwa mtu aliyekuwa mwanasoka bora wa Afrika mara mbili, kwa mtu aliyekuwa kwenye ligi ya Hispania, namba 16 ni ujumbe. Unasema: wewe ni wa akiba.

Namba 16

Sikilizeni vizuri hapa, hasa vijana. Bell alikuwa amezungumza waziwazi na waandishi kuhusu maandalizi ya timu, na muda mfupi tu kabla ya mechi ya ufunguzi ikaamuliwa kwamba hatadaka. N'Kono ndiye atakayedaka. Mechi yenyewe ni tarehe 8 Juni 1990, uwanja wa San Siro mjini Milano, dhidi ya Argentina, mabingwa watetezi wa dunia, wenye Diego Maradona.

Hakukuwa na wiki ya kujiandaa. Hakukuwa na mtu wa kumwambia, "Kaka, anza kujiweka sawa taratibu." Yale aliyokuwa nayo mwilini na kichwani siku hiyo ndiyo aliyoingia nayo.

Kameruni ilishinda 1-0. François Omam-Biyik alifunga kwa kichwa dakika ya 67, wakati timu yake imeshabaki na watu kumi kwa kadi nyekundu. Karibu na mwisho ikatoka kadi nyingine, wakabaki tisa. Na goli halikuguswa. Wakaifunga Romania 2-1, wakafungwa na Muungano wa Kisovyeti 4-0, wakaitoa Kolombia 2-1 katika dakika za nyongeza kwa magoli mawili ya Roger Milla, na robo fainali wakafungwa na Uingereza 3-2, tena katika dakika za nyongeza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Wazee hapa wanakumbuka redio zilivyozungukwa.

Watu huhadithia Milla akicheza kwenye kibendera cha kona. Mimi kama mwalimu wa makipa nahadithia namba 16. Kwa sababu swali langu siku zote ni hili: mtu huyu alikuwa anafanya mazoezi gani Mei, wakati anajua kwamba Juni atakaa? Jibu liko kwenye ile mechi ya Milano. Alikuwa akifanya mazoezi ya mtu atakayecheza. Huwezi kuokota utayari wa namna hiyo kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Kijana unayesoma, pengine wewe ni namba 16 kwenye tawi lako. Unajua kupiga kinanda, lakini yupo kaka anayepiga. Unaweza kufundisha, lakini mwalimu yupo. Usichukie aliyevaa namba 1, wala usizubae kwa sababu hujaitwa. Daudi alikuwa machungani muda mrefu kabla hajaitwa mbele ya jitu, na kombeo hakujifunza siku ile.

Upande wa pili wa benchi

Sasa nigeuke kwa wazee wangu, kwa heshima zote.

Miaka minne baadaye, mwaka 1994, Kombe la Dunia likawa Marekani. Safari hii mambo yakageuka. Bell akadaka mechi mbili za kwanza, ya tatu akadaka Jacques Songo'o. N'Kono alikuwa kikosini, mtu mzima kati ya vijana, na hakucheza dakika hata moja. Baada ya hapo alikwenda Bolivia, akamalizia uchezaji wake katika klabu ya Bolívar.

Jambo moja zaidi la kujua kuhusu miaka ile. Mwaka 1992 sheria ya mpira ilibadilishwa: kipa akirudishiwa mpira kwa mguu na mwenzake, haruhusiwi kuudaka kwa mikono. Leo tunaona kawaida. Wakati ule ilikuwa ni kama kumwambia fundi cherehani kwamba kuanzia kesho atashona kwa mkono wa kushoto. Watu waliojifunza kazi kwa miaka ishirini wakaambiwa wajifunze kutumia miguu kama mabeki. Waliokataa kujifunza walionekana wamezeeka ndani ya msimu mmoja. Kazi ilikuwa ile ile ya kulinda goli, lakini namna ya kuifanya ilihama.

Wazee wangu, si ndiyo yanayotupata? Injili ni ile ile. Lakini kijana wa leo anauliza swali kwa simu saa sita usiku, si kwenye ibada ya katikati ya wiki.

Basi N'Kono akatundika glovu. Angeweza kukaa nyumbani na picha za San Siro ukutani, na tungemwelewa. Yeye akarudi uwanjani kama kocha wa makipa. Alifanya kazi na timu ya taifa ya Kameruni, na alifanya kazi kwa miaka mingi katika klabu yake ya zamani ya Espanyol.

Mnajua kocha wa makipa anafanya nini? Njooni mtazame siku moja. Anasimama na mipira kwenye mstari wa boksi na kuipiga. Chini kushoto. Chini kulia. Juu. Anatupa kwa mkono, anapiga krosi, anapiga tena. Anamwambia kijana, "Usianze kuruka kabla miguu haijatulia. Hatua fupi. Vidole gumba vikaribiane nyuma ya mpira. Goti moja juu ukienda hewani, lijilinde. Na useme! Ukiamua kutoka, sema 'Wangu!' mabeki wakusikie." Kisha siku ya mechi anaenda kupasha makipa joto, halafu anakaa. Hana tena mechi yake. Furaha yake iko kwenye mikono ya mtu mwingine.

Na huo ndio msalaba wa kazi hii: unampa mtu siri zako zote ili avae jezi uliyokuwa ukivaa wewe.

Mwaka 2000, kule Sydney, Kameruni ilichukua dhahabu ya Olimpiki kwa kuifunga Hispania kwa penalti. Golini alikuwa kijana wa miaka 16, Carlos Kameni. Miaka minne baadaye Kameni alijiunga na Espanyol, na nani alimkuta pale uwanja wa mazoezi? N'Kono. Kameni alikaa klabu hiyo hadi mapema 2012. Mzee aliyefungua mlango wa Barcelona kwa makipa wa Afrika ndiye aliyekuwa akimpigia mipira kijana aliyeingia kwa mlango huo huo.

Tena kuna mwingine ambaye N'Kono hakumfundisha kwa mkono. Mwaka 1990 kijana mmoja wa Kiitaliano wa miaka 12, aliyekuwa akicheza katikati ya uwanja, alimtazama N'Kono kwenye Kombe la Dunia nchini kwao na akataka kuwa kipa. Jina lake Gianluigi Buffon. Mwaka 2006 alichukua Kombe la Dunia na Italia, akiwa amefungwa magoli mawili tu mashindano yote: moja la kujifunga la mwenzake, na moja la penalti. Mwanawe wa kwanza alimpa jina la Louis Thomas. Thomas ni kwa ajili ya N'Kono.

Waza hapo kidogo. Mtu aliyevaa namba ya akiba, aliyeingia kwa taarifa ya ghafla, alikuwa anatazamwa na mtoto asiyemjua. Wewe hujui nani anakutazama kutoka benchi ya nyuma ya kanisa.

Hapa kwetu

Msiseme hayo ni ya Kameruni na Hispania. Ndugu zetu wa Lubumbashi wanamjua Robert Kidiaba wa TP Mazembe, yule wa kusherehekea goli kwa kukaa chini na kurukaruka uwanjani hadi watoto wote wa mtaa wakamuiga na kuchana kaptura zao. Alichukua ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2009 na 2010. Desemba 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu, ingawa Inter Milan ikawafunga 3-0. Februari 2015, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 39, Kidiaba alidaka mechi ya kutafuta mshindi wa tatu wa Afrika, Kongo ikashinda kwa penalti, naye akaiaga timu ya taifa. Baada ya kuacha kucheza akawa kocha wa makipa palepale Mazembe.

Watanzania wanamkumbuka Juma Pondamali, mmoja wa makipa wa Taifa Stars iliyokwenda Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980 kule Nigeria. Naye baadaye alifundisha makipa. Njia ni ile ile. Anayejua goli anarudi kumwonyesha mwingine goli.

Na kwa kuwa nimefika nyumbani, niseme hili pia maana vijana wangu huletewa sana. Kuna watu watakuja na kamba, na vichupa, na vitu vya kufukia nyuma ya nyavu, wakisema goli "limefungwa". Mwanangu, goli hufungwa kwa hesabu. Ukisimama juu ya mstari, mpigaji anaona mita saba zote. Ukipiga hatua mbili au tatu kumfuata, pembe inapungua na wewe unakuwa mkubwa machoni pake. Hayo hayauzwi na mganga. Yanafundishwa bure Jumamosi asubuhi na mtu aliyewahi kusimama pale. Ndiyo maana kijana asiyekuwa na mwalimu ndiye anayenunua hirizi. Tukiwaacha bila walimu, tusishangae wakienda kutafuta wengine.

Sasa sisi

Nimeahidi kwamba swali liko mezani kwetu. Nilitaje.

Ushirika huu ulianzishwa na watu waliovuka mipaka kwa baiskeli, kwa meli ya ziwani na kwa migongo ya malori. Wapo hapa, Mungu awatunze. Lakini tazama jinsi kazi ilivyokaa. Katika tawi moja, mama mmoja ndiye anayetafsiri mahubiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, na akiugua, ibada ya pamoja inakuwa ya kupungiana mikono. Katika tawi lingine, mzee mmoja ndiye anayejua karatasi zinazotakiwa kuvusha vyombo vya muziki mpakani. Akiwa safarini, spika zinalala forodhani. Hesabu za mfuko wa wajane ziko kwenye daftari moja, na daftari liko kwenye mfuko wa koti la mtu mmoja. Mwaminifu kabisa, sina neno naye. Lakini ana miaka yake.

Hao wote ni makipa hodari. Wamedaka mikwaju ambayo sisi tusingeigusa. Ninachouliza ni kimoja: kipa wa pili yuko wapi?

Kwa hiyo naomba mambo manne, na naomba yaanze mwaka huu.

La kwanza, kila mwenye huduma amtaje mtu mmoja kwa jina. Usiseme "vijana watakuja". Vijana hawana jina, hawana namba ya simu. Sema ni yupi. Musa alimweka mkono Yoshua mbele ya watu wote, si "kizazi kijacho".

La pili, mpe mechi. Kipa wa pili anayefanya mazoezi tu bila mechi hufika siku ya fainali akiwa na misuli bila macho. Mama mtafsiri, mpe binti huyo nusu saa ya mahubiri kila mwezi, nawe ukae mstari wa mbele. Atakosea neno. Goli litaingia. Mechi itaendelea.

La tatu, ukishaachia glovu, usiondoke uwanjani na usirudi golini. Hili ndilo gumu kuliko yote. Wapo wanaoachia na kununa nyumbani, hawaji tena. Wapo wanaoachia kwa mdomo, halafu kila kona wanakimbilia kwenye boksi kudaka wenyewe. Kocha wa makipa hasimami golini, na hayuko mbali. Yuko pembeni ya mstari, na kijana akifungwa anamwangalia yeye kwanza. Hakikisha anapokuangalia anakuta uso wa mtu anayemtakia mema.

La nne ni kwa wazazi wenye watoto wanaocheza mpira kwa bidii. Maisha ya mchezaji ni mafupi, na kipa ndiye anayebahatika kufika karibu na arobaini. Kijana acheze, lakini asome. Na ajue mapema kwamba ukocha nao una shule. Shirikisho la Afrika, CAF, lina leseni za ukocha kwa ngazi, kutoka D hadi Pro. Mtoto anayeanza kuwaza kufundisha akiwa bado anacheza hatakuwa mtu aliyeachwa na basi siku magoti yakigoma.

Vijana, nanyi msiondoke mkifikiri nimewasemea. Ukipewa glovu, zinakuwa za jasho la mtu. Muulize alizivaaje. Muulize alifungwa goli gani lililomuuma na alilalaje usiku ule. Wazee wetu wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo, na majibu wanayo.

Leo jioni kuna mechi ya wazee na vijana pale uwanja wa shule, saa kumi. Makipa wawili wa wazee wameshajiandikisha na wote wanataka kuanza. Wamekubaliana kipindi kimoja kimoja. Njooni muwaone.

Bwana awabariki.